Mkuu, zima kamera kwanza: video za msamiati Kidato cha Kwanza

Mkuu, acha kabisa. Umeandika kwamba Kidato cha Kwanza wako hapo Tukuyu utawapa maneno 40 ya Kiingereza, makundi ya wanane wanane, kila kundi litafute maana kwenye kamusi na kuisoma mbele ya kishikwambi. Halafu unauliza app gani ya kuunganisha vipande, zawadi gani utoe na video uzirushe wapi. App si tatizo lako. Tatizo ni hapo kwenye "kuisoma".

Mtoto akisoma maana ya kamusi mbele ya kamera hajifunzi neno, anajifunza kusoma kwa sauti. Chukua absorb. Kamusi itampa "soak up". Sasa asiyejua absorb, soak up kaijulia wapi? Atakariri sauti zilivyo, video itapendeza, mkuu wa shule atapiga makofi. Wiki ijayo mpe sentensi yenye pengo uone: patupu. Na kwenye kundi la wanane anaongea mmoja, mwingine kashika simu, sita waliobaki ni mapambo. Msiniulize nimeyajuaje, nina familia.

Yule mwezeshaji wa semina aliyetuambia "wapeni simu tu, ubunifu utakuja wenyewe" popote alipo ajue namsema. Posho kachukua yeye, sisi tukabaki na soda na video za watoto wanaosoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya kamera, macho yanatembea kushoto kulia. Slaidi zake zilijaa mishale ya rangi, ila hakuna hata mmoja ulioonyesha kinachofanyika kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Kanuni ni moja: harekodiwi mtu mpaka aeleze neno bila karatasi, na msikilizaji kutoka dawati lingine atunge sentensi yake mwenyewe kwa neno hilo. Msikilizaji akishindwa, simu inabaki mfukoni.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza, dakika zote 40, simu isionekane. Wakae wawili wawili, neno moja. Kila neno liwe na vitu viwili vya kushika: kinacholifaa na kisicholifaa. Kwa absorb, dondosha maji kwenye kitambaa cha pamba, kisha kwenye kipande cha turubai la plastiki. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, usiwatume watoto kuitafuta.) Hicho cha pili ndicho wengi wanakiruka, na ndicho kinachoweka mpaka wa maana. Bila hicho mtoto ataondoka akiamini absorb ni kulowa tu. Turubai nalo linalowa juu, lakini maji hayaingii ndani yake. Waache wabishane kwa Kiswahili mpaka waelewane, Kiingereza kije mwishoni kwa sentensi mbili: The cloth absorbs water. The tarpaulin does not. Wewe pita ukisikiliza. Anayetumia neno asiloweza kulieleza, mrudishe.

Kipindi cha pili ndiyo mrekodi. Sekunde 30 hadi 45, mikono na vitu tu, sura za watoto ziache. Mkupuo mmoja, hakuna kukata wala kuunganisha; akikosea arudie yote, kurudia ndiko kujifunza kwenyewe. Weka ubora wa video 720p, maana kwa ubora wa juu zaidi wa 1080p dakika moja inaweza kula megabaiti 100 au zaidi na kishikwambi kitajaa kabla ya kengele. Hamisha kwa kebo, usichome bando. Mvua ya Tukuyu ikipiga bati, sauti ya mtoto imekwenda: tumia maiki ya earphone za waya, shubiri moja kutoka mdomoni, au subiri ikatike.

Kesho yake onyesha video bila sauti. Darasa litaje neno na kutunga sentensi, ndipo ufungulie sauti. Rudia baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Video isiyotambulika bila sauti ilikuwa hotuba, irekodiwe upya.

Na hayo maneno 40 yapunguze. Anza na absorb, dissolve, float na melt, mawili mawili kwa wiki. Democracy na freedom zisubiri muhula wa pili, hazina pa kudondoshea maji.