Nani Anapata Nini? Majibu kwa Wazazi na Walimu

Inaonekana shule nyingi zimefika mada ya viumbe wanaofaana, maana barua za wiki hii karibu zote ni za hiyo. Nitajibu sita. Wanafunzi wangu hapa Kisumu wanajua kwamba nikifundisha mada hii neno "marafiki" ni marufuku. Swali ni moja: nani anapata nini, na anakilipia kwa kitu gani?

Mwanangu wa gredi ya 5 ameambiwa apeleke shuleni mfano wa viumbe wanaofaidiana. Kitabu kinaonyesha samaki wa baharini, na sisi bahari hatujaiona. Nifanyeje? (Mama, Njoro)

Mama, mfano uko kwenye maharagwe yako. Subiri yaanze kuchanua, kisha mtoto achimbe mche mmoja kwa jembe. Asiung'oe, kwa sababu anachokitafuta kitabaki ardhini. Asuuze mizizi polepole kwenye beseni. Ataona vinundu, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Apasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kazi inaendelea: mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na mharagwe unawalipa kwa sukari unayoitengeneza kwa jua. Kikiwa kijani au kijivu, kazi imesimama.

Hapo watoto wengi huridhika, lakini wa kwako asiishie hapo. Achimbe mche mwingine kwenye mstari uliopata mbolea nyingi ya naitrojeni. Mara nyingi vinundu vitakuwa vichache, maana mmea uliopewa chakula cha bure hauoni sababu ya kulisha vibarua. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, amekipita kitabu.

Halafu kuna mtego. Minyoo midogo ya udongoni nayo huvimbisha mizizi. Kinundu cha bakteria hukaa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki. Wa kwanza ni mpangaji anayelipa kodi, wa pili ni kikulacho ki nguoni mwako. Akivipata vyote viwili avipeleke, mwalimu atafurahi.

Nimefundisha kwamba yangeyange na ng'ombe wanafaidiana, mwanafunzi mmoja akanibishia mbele ya darasa. Nani ana haki? (Mwalimu, Ahero)

Mwanafunzi. Pole, mwalimu mwenzangu. Yangeyange hufuata kwato kwa sababu ng'ombe akikanyaga nyasi panzi huruka. Pengine atadonoa nzi au kupe, lakini hiyo si ajira yake, na ng'ombe hapotezi wala hapati cha maana. Huko kwenu kwenye mpunga jaribio liko wazi: trekta likilima, yangeyange hulifuata vilevile. Waulize watoto trekta linafaidika nini.

Tulitembelea mbuga ya Ziwa Nakuru, mtoto akaona ndege mgongoni mwa nyati. Mtu mmoja akatuambia huyo ni daktari wake. Ni kweli? (Baba, Nakuru mjini)

Huyo ni shashi. Daktari ndiyo, ila daktari anayekunywa damu ya mgonjwa. Hula kupe, na anawapenda zaidi waliovimba kwa damu, kwa kuwa hiyo damu ndiyo anayoitaka. Akikuta kidonda, hukidonoa na kukiacha wazi.

Kwa kifaru habari ina upande mwingine. Ndege huyu ana jina jingine la Kiswahili, askari wa kifaru, na jina hilo liliitangulia sayansi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaru weusi wenye shashi mgongoni walimtambua mtu anayewanyemelea akiwa mbali zaidi ya mara mbili kuliko wasio na ndege. Kifaru haoni mbali, anategemea kelele za askari wake. Je, ulinzi huo unalipia damu inayonyonywa? Mwachie mtoto swali hilo. Achore mstari katikati ya karatasi, faida huku, hasara kule, na asilazimishwe kuchagua.

Mjukuu wangu ameniuliza kwa nini ule uyoga mkubwa huota kwenye kichuguu tu, na kwa nini mbegu zake haziuzwi kama za uyoga mwingine. Nilikosa jibu. (Nyanya, Shinyalu)

Kukhu, mjukuu wako ameuliza swali bora la wiki, na wenzetu wa mijini wangelipa nauli kuuona mfano alio nao nyuma ya nyumba.

Mchwa wa vichuguu hivyo ni wakulima. Vibarua hutoka kutafuta majani makavu na vipande vya mti, wanavitafuna na kuvimeza, kisha kinyesi chao wanakijenga kama sega katika vyumba vya chini. Juu ya sega hilo huotesha kuvu. Kuvu inalainisha ule ugumu wa mti ambao tumbo la mchwa peke yake haliuwezi, nao mchwa hula kuvu pamoja na sega lililoiva. Kuvu inapata chakula kilicholetwa hadi mlangoni, nyumba yenye unyevu, na palizi pia, maana mchwa huiondoa kuvu ngeni inayotaka kuvamia shamba. Kilimo hiki kilianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, kabla mwanadamu hajashika jembe.

Mvua zikija, kuvu husukuma shina kutoka chumbani hadi juu, na hapo ndipo unapouona uyoga wako. Siku moja mchimbie mjukuu kando yake polepole. Aone shina linavyoshuka, likiwa jembamba kama mzizi, mpaka kwenye sega. Hapo atajua mwenyewe kwa nini mbegu haziuzwi: bila mchwa, shamba hakuna. Uyoga wa kufugwa hula mabua na maranda, hauhitaji mkulima wa miguu sita.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa najua watoto wa huko hugonga vijiti kwenye kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua imefika. Wale kumbikumbi, kwa aina nyingi, huruka bila kubeba kuvu hata chembe. Vibarua wa kwanza wa nyumba mpya ndio hutoka kuokota vumbi la mbegu lililomwagwa na uyoga uliokomaa. Kwa hiyo mkichuma, acheni mmoja au miwili ifunguke. Na mtoto asionje uyoga wowote ambao hukumwonyesha wewe.

Malenge yangu yanachanua, maua yanaanguka, tunda hakuna. Jirani anasema nipige dawa, mtoto wa gredi ya 3 anasema tatizo ni nyuki. (Mkulima, Busia)

Msikilize mtoto. Ila kwanza angalieni: ua lenye kikonyo chembamba ni la kiume, hilo lazima lianguke. La kike lina kilenge kidogo chini yake. Kilenge hicho kikinyauka, huenda nyuki hakufika na chavua ya lile la kiume. Maua haya hufunguka alfajiri na kufikia saa nne hivi yamejifunga, kwa hiyo dawa ya asubuhi inamkuta mjumbe kazini. Jioni, mtoto afunike ua moja la kike linalokaribia kufunguka kwa kitambaa chepesi, jingine aliache wazi, ahesabu siku aone kilenge kipi kitanyauka. Ndani ya ua kuna maji matamu kidogo, kwa sababu nyuki naye anajua mkono mtupu haulambwi.

Mimi na paka wangu tunafaidiana? (Msomaji wa miaka 9, Kisumu)

Inategemea. Chukua daftari, upande mmoja andika ulichompa wiki hii, upande wa pili alichokupa. Panya anahesabika. Kulala kwenye sweta yako ya shule hakuhesabiki, labda uwe ulikuwa umeivaa na kulikuwa na baridi. Nitumie hesabu yako.