Mkungu umepukutika majani yote: je, unakufa?

Swali: Mimi ni mkazi wa Tabata. Uani kwangu kuna mkungu ambao majani yake yaligeuka mekundu, kisha yakapukutika yote kwa muda wa wiki mbili, ilhali mwembe wa jirani ni wa kijani mwaka mzima. Mwezi Agosti nilisafiri kwenda Tabora nikaona msitu mzima uko mtupu. Je, mkungu wangu unakufa, niukate? Na ule msitu nao umekufa?

Jibu: Ndugu msomaji, nakuomba sana usiukate. Kupukutisha majani ni kazi ya mti ulio hai. Kabla ya jani kuanguka, mti huvuta naitrojeni na virutubisho vingine kutoka ndani yake na kuvirudisha kwenye matawi. Rangi ya kijani huvunjika na ule wekundu hujitokeza, kisha mahali kikonyo kinaposhikana na tawi hujengeka tabaka jembamba linaloliachia jani na kuziba kidonda. Tawi lililokufa haliwezi kazi hiyo, ndiyo maana majani yake hukauka yakiwa bado yananing'inia. Ili kujiridhisha, kwangua gome la kijiti kwa ukucha: ukikuta kijani chenye majimaji, kijiti hicho ki hai na utaona machipukizi muda si mrefu.

Mwembe nao huangusha majani, na anayefagia chini yake kila asubuhi anajua hivyo. Ila huyaangusha machache machache, huku mengine yakibaki.

Kuhusu Tabora, huko mvua ni ya msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, na baada ya hapo kiangazi ni kirefu. Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo mno, hivyo mti unaoyabakiza majani yote juu ya udongo mkavu hujimaliza wenyewe. Miyombo na mininga, miti ya misitu ya huko, huyaangusha. Jambo linalonivutia kila mwaka ni kwamba miyombo mingi huchipua kabla ya mvua, ikitumia maji yaliyohifadhiwa shinani na yale yanayofikiwa na mizizi mirefu, na machipukizi hayo huwa mekundu kama shaba. Ungepita njia ile mwishoni mwa Septemba au Oktoba, usingeuliza kama msitu umekufa.

Misitu ya Amani, katika Usambara Mashariki, ina hali tofauti, kwa kuwa pepo za Bahari ya Hindi huiletea unyevu hata nje ya masika na vuli. Miti mingi ya huko haina sababu ya kujivua majani, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba nyasi hazioti chini. Katika miombo, yaani misitu ya miyombo kama ya Tabora, jua hufika ardhini, nyasi huota, zikikauka moto hupita. Kwa hiyo tabia ya majani huamua pia sura ya msitu mzima. Pugu, jirani yetu hapa, imechanganyika: baadhi ya miti hupukutisha, mingine haipukutishi. Ulaya miti hupukutisha kwa sababu ya baridi kali, ambayo hugandisha maji ardhini yasipatikane kwa mizizi.

Majani ya mkungu wako usiyachome. Yatandaze kuuzunguka mti, yakiachana kidogo na shina, yaushikilie unyevu wa udongo mpaka mvua zinyeshe.