Adapta ya USB-seriali kwenye Raspberry Pi: maswali na majibu

Wakuu, nimenunua adapta ya USB ya RS-485 (mawasiliano ya seriali kwa nyaya mbili, A na B) yenye chipu ya CH340 ili nisome mita ya umeme kwa Raspberry Pi 4. Dukani wamenipa na CD ya draiva, ila Pi haina pa kuiweka. Draiva ya Linux naipata wapi?

Unayo tayari. Keneli (kiini cha mfumo) ya Raspberry Pi OS inakuja na draiva za chipu utakazokutana nazo madukani: `ch341` (ndiyo inayohudumia CH340 pia), `cp210x`, `ftdi_sio` na `pl2303`. Weka CD pembeni, chomeka adapta, kisha andika `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 1a86:7523, hiyo ni CH340. 10c4:ea60 ni CP2102, 0403:6001 ni FT232R, na 067b:2303 ni PL2303. Amini namba hizo kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Halafu andika `sudo dmesg | tail`, inayoonyesha ujumbe wa mwisho wa keneli. Unatafuta mstari huu: `ch341-uart converter now attached to ttyUSB0`. Ukiuona, habari ya draiva imekwisha. Kama bado kuna tatizo, liko kwingine. Kama `lsusb` yenyewe haioni kitu, hakuna draiva itakayokusaidia. Badilisha kebo kwanza, maana nyingi zinazokuja na simu za bei nafuu ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Wenye Pi Zero wahakikishe hawajachomeka kwenye tundu la PWR IN, ambalo ni la umeme pekee.

ttyUSB0 ipo, lakini programu inagoma: "Permission denied". Nikitumia sudo inakubali.

Poti hiyo ni mali ya kikundi cha `dialout`, na jina lako halimo humo. Andika `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Bila hivyo hakuna kitakachobadilika. Hiyo `a` usiisahau: ukiandika `-G` peke yake unaondolewa kwenye vikundi vyako vingine, cha `sudo` kikiwemo. Wanaoshauri `chmod 666` wanakupa dawa inayoisha nguvu kila ukichomoa adapta.

Natumia Ubuntu 22.04. ttyUSB0 inajitokeza kidogo tu, kisha inapotea.

Angalia `dmesg`. Bila shaka utamkuta `brltty`. Hii ni programu ya vifaa vya nukta nundu vya wasioona, na kipo kifaa kimoja cha aina hiyo kinachotumia namba ileile ya 1a86:7523. Ikiiona CH340 yako inadhani ndicho, inainyakua, na `ch341` inaachia poti. Kama hakuna anayeihitaji kwenye mashine hiyo, `sudo apt remove brltty`, chomoa adapta, chomeka tena. Kama yupo, nakili `/usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules` kwenda `/etc/udev/rules.d/`, na kwenye nakala hiyo uweke `#` mbele ya mstari wenye 1a86/7523.

Nataka kukompaili draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. make inasema folda ya build haipo.

Jiulize kwanza kama unaihitaji kweli, maana moduli ya kujijengea italazimika kujengwa upya kila keneli inapopanda toleo. Kama ni lazima, zinazokosekana ni heda za keneli (faili zinazohitajika kujengea moduli). Kwenye Bookworm (toleo la Raspberry Pi OS) ya biti 64: `sudo apt install linux-headers-rpi-v8`. Washa upya Pi kabla ya kujaribu tena, la sivyo `uname -r` huenda ikataja keneli ya zamani wakati heda ni za mpya, nawe utaishia kwenye "Invalid module format".

Mtego unaowapata wengi ni huu: Raspberry Pi OS ya biti 32 kwenye Pi 4 huwaka na keneli ya biti 64. `uname -m` inajibu `aarch64` huku `getconf LONG_BIT` ikijibu 32, na gcc iliyomo haiwezi kujenga moduli ya keneli hiyo. Ongeza `arm_64bit=0` kwenye `/boot/firmware/config.txt`, washa upya, halafu sakinisha `linux-headers-rpi-v7l`. Au weka mfumo wa biti 64 moja kwa moja; ni safi zaidi.

Nina CH340 mbili. Umeme ukikatika na kurudi, ttyUSB0 na ttyUSB1 zinabadilishana.

CH340 nyingi hazina namba ya kipekee ya kila kifaa (serial number), kwa hiyo `/dev/serial/by-id` haiwezi kuzitofautisha. Tumia `/dev/serial/by-path`, inayofuata tundu la USB lenyewe, na uweke alama kwenye matundu ili mtu asizihamishe adapta.

Mita haijibu kabisa, ingawa poti inafunguka.

Geuza nyaya za A na B kwanza. Kisha linganisha kasi na pariti na za kwenye menyu ya mita: kiwango cha Modbus (lugha ya mawasiliano ya mita nyingi) kinataka pariti shufwa (even), lakini mita nyingi hutoka kiwandani zikiwa 9600 8N1, yaani kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimama.

Je, adapta ya TTL (USB-seriali ya kuunga moja kwa moja kwenye pini) naweza kuiunga kwenye pini za Pi?

Ndiyo: TX ya adapta iende pini 10, RX iende pini 8, na GND kwa GND. Jampa ya volti kwenye adapta iwe 3.3V. Ikiwa kwenye 5V, pini ya Pi inaweza kuungua.