Miche ya mbegu haitafanana na mti mama

Ndugu yangu wa Kigamboni, umeuliza kwa nini miche uliyoiotesha kwa mbegu za plumeria chotara (plumeria ni mti wa mapambo wenye maua yanayonukia), ambayo mti mama wake ni mfupi wenye matawi mengi, imetofautiana kiasi hicho, mingine ikirefuka bila tawi hata moja. Hukukosea katika kuotesha. Chotara hubeba jeni, yaani vinasaba vya urithi, za wazazi wawili wa aina tofauti, na anapotoa mbegu jeni hizo huchanganyika upya. Na kwa kuwa kimo huongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, miche hupishana kidogo kidogo, haigawanyiki waziwazi kuwa mirefu na mifupi kama njegere ambazo Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, aliandika habari zake mwaka 1866.

Kuhusu matawi, tazama ncha ya shina kwa karibu. Maua ya plumeria huchomoza hapo hapo nchani, na ncha ikishachanua hairefuki tena, bali machipukizi yaliyo chini yake ndiyo huwa matawi mapya. Kwa hiyo mche uliorithi kuchelewa kuchanua huchelewa pia kutoa matawi. Kivuli nacho hurefusha shina, basi isogeze juani kabla ya kuihukumu.

Ukitaka mti uleule, nakusihi uache mbegu. Kata kipande cha tawi chenye sentimita 30 hivi, ukijikinga na utomvu wake mweupe unaowasha ngozi, kiweke kivulini wiki moja mpaka jeraha likauke, kisha ukipande kwenye mchanga usiotuamisha maji, masika yakishapita, maana unyevu mwingi hukiozesha.