Maswali ya Wasomaji: Makanisa, Masinagogi na Mauaji ya Kimbari

SWALI: Tunaandaa semina ya vijana usharikani. Kijana mmoja ameuliza: Rwanda ilijaa Wakristo, mbona watu waliuawa hadi ndani ya makanisa? Na Wayahudi walipowindwa Ulaya, walikaa tu wakisubiri? Tupate wapi ushahidi wa kuaminika? – Mwalimu wa vijana, Majengo, Moshi

JIBU: Ushahidi mnao jirani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliketi Arusha, jengo la AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na hukumu zake zinasomeka mtandaoni. Anzeni na kesi ya Padri Athanase Seromba, namba ICTR-2001-66. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia yake, Nyange. Tarehe 16 kanisa lilibomolewa kwa tingatinga, wao wakiwa ndani. Desemba 2006 alipewa miaka 15, na wasomaji wengi huishia hapo. Someni na ya rufaa: Machi 2008 majaji walimpa kifungo cha maisha, baada ya kuona kwamba alimwonyesha dereva upande dhaifu wa jengo.

Vijana wasidhani ni Wakatoliki peke yao. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Msabato, alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003 kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Kwa nini watu walikimbilia makanisani? Kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma, waliojificha humo walipona. Lakini viongozi wa dini walikuwa wamejisogeza mno kwa watawala. Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala, MRND. Mtu wa namna hiyo atamkemea nani?

Linganisheni na Denmark, 1943, ilipokuwa imekaliwa na Wanazi wa Ujerumani waliokuwa wakiwawinda Wayahudi. Tarehe 29 Septemba, kwenye ibada ya asubuhi, Rabi Marcus Melchior aliwatangazia waumini wake Copenhagen kwamba msako unakuja: nendeni mkajifiche, mwambieni kila mmoja. Jumapili ya tarehe 3 Oktoba waraka wa maaskofu wa Kilutheri wa kupinga msako ulisomwa makanisani. Wayahudi wapatao 7,200 walivushwa kwa mashua hadi Sweden. Waliokamatwa hawakufika 500. Semeni ukweli wote lakini: bahari ilikuwa nyembamba, na Sweden ilikubali kuwapokea. Waraka peke yake usingetosha.

Katika geto la Warsaw, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, hapakuwa na bahari ya kuvuka. Humo mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri shajara, kadi za mgao wa chakula, matangazo ya ukutani, hata karatasi za peremende, wakazifukia kwenye masanduku ya bati na makopo makubwa ya maziwa. Fungu la kwanza lilifukuliwa 1946, la pili 1950. Tarehe 19 Aprili 1943 vijana wa geto hilo walianza kupigana kwa silaha chache mno. Hilo ndilo jibu la swali la pili, na lipewe muda wa kutosha. Likibanwa dakika za mwisho, vijana wataondoka na dhana ileile ya kwamba Wayahudi walikaa kimya.

Hukumu ni ndefu, na kwa Kiingereza au Kifaransa. Chagueni kurasa tatu au nne, mzitafsiri mapema, msiachie mtu atafsiri papo hapo. Na kabla ya kuzigawa, ulizeni faraghani kama usharikani kuna familia iliyotoka Rwanda. Wao waamue kama watahudhuria, na wasiombwe kusimulia.