Mwaka wa kikapu? 2016, yakhe

Umeuliza mwaka gani wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haujapata mfano. Mimi nasema 2016. Usiku mmoja wa Aprili, Kobe Bryant, nyota wa Lakers, anaaga mchezo kwa pointi 60, na timu ya Golden State inafikisha ushindi wa 73, rekodi ya msimu (nao wakaishia kulia!). Fainali, Cleveland walikuwa nyuma kwa michezo 3-1 mbele ya hao Golden State, wakasawazisha 3-3. Mchezo wa saba kwetu Unguja ulianza saa tisa usiku, Ramadhani, daku mbele ya tivii, uji unapoa bakulini hakuna anayeugusa. Adhana ya alfajiri ikatukuta robo ya nne. Mzee akazima: "Haya, msikitini." LeBron wa Cleveland alivyomzuia Iguodala wa Golden State, na ile pointi tatu ya Kyrie iliyowapa Cleveland ubingwa, 93-89, nimeziona marudio tu. Nikimkumbusha mzee, anacheka.