Muulize Fundi: Kabla hujaitupa ngoma ya breki

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Morris Minor 1000 ya mwaka 1964 niliyoachiwa na babu. Nikishika breki gari linavuta kushoto. Nikikanyaga mara ya kwanza pedali inashuka karibu ifike sakafuni, ya pili inapanda. Nikiteremka mlima mrefu pedali inakuwa ngumu lakini gari halisimami. Marafiki wananiambia niachane na ngoma, nifunge diski. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu kwanza. Hapo umenitajia maradhi matatu, na kila moja lina chanzo chake. Ukifunga diski mbele bila kuyatibu, baadhi yake utabaki nayo.

Tuanze na pedali. Ikipanda unapokanyaga mara ya pili, mara nyingi shuu, yaani vipande vilivyopinda vinavyobana ngoma kwa ndani, zimekaa mbali na ngoma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu). Mafuta ya breki ya kanyago la kwanza yanaishia kuzisogeza tu, la pili ndilo linalozibana. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, achia hendibreki. Gari lako lina tundu usoni mwa ngoma. Ingiza bisibisi bapa, zungusha ajasta, kirekebisho cha shuu, mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwepesi. Magurudumu ya mbele yana ajasta mbili kila moja, ya nyuma moja moja. Kanyaga pedali kwa nguvu ili shuu zikae katikati, kisha rudia. Wengi huiruka hatua hiyo ya mwisho, halafu kesho yake wanalalamika pedali imeshuka tena.

Baada ya hapo pedali ikibonyea kama sponji, kuna hewa kwenye mafuta ya breki. Na ukiikanyaga ukatulia nayo, ikawa inazama polepole, raba za masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zimechoka. Masta silinda ya Minor imejificha ndani ya chasi, chini ya miguu ya dereva. Funua zulia utaona kifuniko. Nimeziona nyingi ambazo hazijaangaliwa mafuta kwa miaka kwa sababu mwenye gari hakujua ziko wapi.

Sasa kuvuta. Gari likivuta kushoto, watu hukimbilia kufungua gurudumu la kushoto. Wewe anza na la kulia, kwa kuwa mara nyingi upande ule ndio haushiki. Mbele kila gurudumu la Minor lina silinda mbili, na kila silinda inasukuma shuu moja. Zimepangwa hivyo ili gari likienda mbele, mzunguko wa ngoma uivute kila shuu na kuibana zaidi ya ulivyoisukuma kwa mguu. Huo ndio utamu wa ngoma, na ndiyo sababu gari hilo linasimama bila busta, kifaa cha kuongezea nguvu mguu. Silinda moja ikikwama, upande huo umepoteza nusu ya nguvu yake. Kunjua kidogo kifuniko cha raba cha kila silinda. Ukikuta unyevu, inavuja. Toa pistoni, pitisha ukucha ndani ya silinda; ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, raba mpya haitakusaidia. Badilisha silinda nzima, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli. Lainingi, yaani tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye shuu, zikilowa mafuta ya breki au grisi usizioshe wala kuzichoma. Yanaingia ndani kabisa, na joto likipanda yanatoka tena.

Hapa nataka usikilize vizuri. Gari likizeeka, ngoma huliwa. Ukiipeleka kukerezwa, kipenyo chake kinaongezeka. Shuu mpya uliyonunua imekatwa kwa kipenyo cha kiwandani, kwa hiyo upinde wake ni mdogo kuliko wa ngoma, na inagusa katikati tu. Hapo una breki mpya zinazoshika vibaya kuliko za zamani, na fundi anaapa kila kitu ni kipya. Kupima ni rahisi: paka lainingi yote chaki, rudisha ngoma, rekebisha ajasta, zungusha gurudumu huku mwenzako akikanyaga kidogo, kisha fungua. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Ikifutika kipande cha katikati peke yake, shuu zinahitaji lainingi nene zaidi, zisagwe kufuata ngoma yako. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kila walipobandika lainingi, na ni kazi ninayotamani irudi. Ngoma zikerezwe mbili za ekseli moja kwa kipimo kimoja, na zisivuke kipenyo cha mwisho alichoruhusu mtengenezaji. Ngoma nyembamba hupata joto haraka, na inaweza kupasuka.

Hilo linatufikisha mlimani. Ngoma inafunika joto ndani. Lainingi ikizidi kuchemka inapoteza mkamato, ndiyo maana pedali ni ngumu na gari linaenda. Ngoma yenyewe nayo hutanuka ikazikimbia shuu. Shuka kwa gia ndogo, ile ambayo ungepandia mlima huo huo. Na badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi joto 230, lakini hunyonya maji kutoka hewani, na ikishanyonya kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya paipu, pedali inakwenda sakafuni. Usithubutu kuongeza mafuta ya injini au ya usukani humo. Yanavimbisha raba zote, na utavunja mfumo mzima kuusafisha.

Ukimaliza hayo ndipo tuzungumze kuboresha. Ngoma za mbele za Riley 1.5, ndugu wa Minor aliyejengwa juu ya sakafu yake, ni kubwa zaidi na wengi wamezivalisha. Diski ni nzuri, hasa milimani, sipingi. Lakini diski haijivuti yenyewe kama shuu, inataka msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo masta silinda ibadilike pia, na pengine uongeze busta. Masta silinda ya ngoma huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu. Ukiiacha ikalisha diski, pedi zitasugua safari nzima.

Mimi ningeanza kwingine. Gari lako lina mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Hosi moja ikipasuka, unabaki na hendibreki tu. Marekani ililazimisha mifumo iliyogawanywa kwenye magari mapya kuanzia mwaka 1968, na sababu ilikuwa hiyo hiyo. Fedha ya kwanza weka kwenye masta silinda yenye vyumba viwili, hosi mpya na paipu za aloi ya shaba na nikeli zisizoshika kutu. Ndani ya chasi nafasi ni finyu, kwa hiyo masta silinda mpya italazimika kuhamia upande wa injini, na ukuta itakapofungwa uimarishwe, la sivyo utacheza kila ukikanyaga.

SWALI: Volkswagen yangu ya kobe, gurudumu moja la mbele linachemka hata nisipotumia breki sana. Nimebadilisha shuu, nimebadilisha silinda, bado.

JIBU: Pole kaka, umebaki na hosi, ule mrija wa raba unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani huku nje inapendeza. Mguu wako una nguvu za kupitisha mafuta kwenda, springi za shuu hazina nguvu za kuyarudisha. Gurudumu likishikwa, inua gari, fungua nipo ya hewa, ile skrubu ya kutolea hewa nyuma ya breki. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna shinikizo lililonaswa. Funga nipo, kanyaga ili lishikwe tena, kisha legeza nati inapoungana paipu ya chuma na hosi. Lisipoachia hapo, hosi ndiyo mchawi. Yangekuwa yote manne yanachemka, ningekwambia uangalie fimbo ya pedali: lazima iache kama milimita 1 kabla ya kugusa pistoni ya masta silinda.

SWALI: Je, vumbi la ndani ya ngoma naweza kulipuliza kwa kompresa?

JIBU: Hapana, dada yangu, hata siku moja. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Nyunyizia maji yenye sabuni, acha lilowe, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa kikiwa bado kibichi kwenye mfuko uufunge. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na watoto wasiwepo karibu.